Kupanga masomo ya amani: tuanzie mwisho



Miaka michache iliyopita nilisaidia walimu wa shule moja ya primeri, hapa Kivu ya Kusini, kutayarisha masomo ya amani. Tulianza na yale tuliyopenda: nyimbo, michoro, michezo ya kuigiza. Baada ya majuma mawili watoto walijibu kwa sauti moja: «Amani ni kuishi pamoja bila vita.» Siku ileile, saa ya mapumziko, watoto wa vijiji viwili walirushiana mawe kwa sababu ya mpira.

Kosa lilikuwa letu. Hatukujiuliza mtoto aweze kufanya nini mwisho wa masomo.

Wataalamu wawili wa Marekani, Grant Wiggins na Jay McTighe, walieleza katika kitabu chao cha 1998 namna ya kupanga masomo kwa kuanzia mwisho. Kuna hatua tatu.

1. Kuchagua kiwango. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 45, inadai haki za binadamu ziheshimiwe kwa njia ya mafundisho. Lakini «kupenda amani» hakupimiki. Tuandike hivi: «Mwanafunzi wa mwaka wa tano anaweza kusikiliza pande mbili za ugomvi, kutenganisha mambo yaliyoonekana na uvumi, na kutoa njia mbili za kuumaliza.»

2. Kuchagua ushahidi. Kabla ya kuandika somo la kwanza, tutayarishe kazi ya mwisho. Kwa mfano: familia mbili zinagombania mpaka wa shamba, wanafunzi wanne wanne wasikilize pande zote na waandike mapatano. Hadithi iwe ya kubuni. Mkitaja ugomvi wa kweli wa kijijini, mtamuumiza mtoto ambaye wazazi wake wamo ndani.

3. Kupanga masomo. Sasa tu ndipo tunauliza: ili wafaulu kazi ile, wanahitaji nini? Masomo sita yanaweza kutosha:
- kusikiliza na kurudia maneno ya mwenzako bila kuyageuza;
- «nimeona» na «nimesikia»;
- kupima mzunguko wa shamba (saa ya hesabu);
- wazee na wamama wanavyopatanisha watu kwetu;
- kuandika mapatano (saa ya Kifaransa);
- kazi ya mwisho.

Programu ya taifa haiongezewi mzigo: tunatumia saa za elimu ya uraia, hesabu na lugha ambazo tayari zipo. Wimbo nao una nafasi, mradi uelekeze kwenye kiwango.

Na mtoto asipofaulu? Tusimhukumu. Turudi kwenye somo lililopungua, turekebishe mpango.

Maswali ya kujadiliana na walimu wenzenu na komite ya wazazi:
- Katika somo lenu la mwisho juu ya amani, mtoto alifanya nini, mbali na kukariri?
- Ugomvi gani unarudi mara kwa mara uwanjani kwenu? Mwanafunzi angehitaji kuweza kufanya nini ili aumalize bila jiwe?