Somo la Wanachama: Saikolojia ya Jamii na Mkutano wa Chama

Kijana anapokwenda chuo kikuu kusomea kilimo au uhasibu, wazee hutambua mara moja faida itakayorudi nyumbani. Akisema anasomea saikolojia ya jamii, wengi hudhani ni elimu ya kutibu wagonjwa wa akili. Sivyo. Elimu hiyo huchunguza jinsi mawazo na matendo ya mtu yanavyobadilika kwa sababu ya watu walio karibu naye. Kwa kuwa ushirika ni watu wengi kutenda pamoja, elimu hiyo yamhusu kila katibu wa chama.

Wahenga walinena kwamba umoja ni nguvu; wakanena pia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwanafunzi wa saikolojia ya jamii hufundishwa kuuliza: ni wakati gani neno la kwanza huwa kweli, na ni wakati gani la pili? Jibu hutafutwa kwa majaribio yanayopimwa.

1. Kunyamaza mbele ya wengi

Katika miaka ya 1950 Solomon Asch, mwalimu wa chuo cha Swarthmore huko Marekani, aliwakalisha wanafunzi kwa makundi ya watu saba hadi tisa. Aliwaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu, akauliza ni upi katika hiyo mitatu ulio sawa na ule wa kwanza. Swali lilikuwa rahisi mno. Lakini wote, isipokuwa mmoja, walikuwa wamekubaliana na Asch kwa siri watoe jibu lisilo kweli. Katika maswali yaliyotegwa hivyo, yapata theluthi moja ya majibu ya yule asiyejua yalifuata kosa la wenzake. Alipowekwa mtu mwingine mmoja wa kusema kweli, kufuata kosa kulipungua hata kufikia robo ya hapo awali.

Hapa katibu aone hatari ya maneno "mkutano umekubali kwa kauli moja". Hesabu za msimu zikisomwa upesi, na mwenyekiti akaanza kwa kuzisifu, mkulima aliyeona upungufu katika mizani atajiona yu peke yake, naye atanyamaza. Pengine wenzake ishirini wameuona upungufu ule ule, na kila mmoja anamngoja mwingine. Fedha za wanachama hupotea katika kimya cha namna hiyo. Inafaa wanachama wapate hesabu kabla ya siku ya mkutano, mwenyekiti atoe maoni yake mwisho, na muulizaji wa kwanza apokewe kwa heshima, maana sauti moja hufungua vinywa vingi.

2. Kutegeana katika kazi

Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alipima nguvu za watu waliovuta kamba, akatoa matokeo mwaka 1913. Kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo mchango wa kila mmoja ulivyopungua. Sehemu ya upungufu ni kutovuta kwa mpigo mmoja. Lakini mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walionyesha kwamba watu wakipiga makofi na kelele kwa pamoja, hupunguza juhudi yenyewe. Mwaka 1981 waliona kuwa kutegeana huko kulitoweka kila mtu alipojua kwamba kazi yake inapimwa peke yake. Basi kazi ya shamba la pamoja au ya kujenga ghala igawiwe kwa majina na vipimo, na daftari lisomwe hadharani.

3. Hotuba na uamuzi

Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyama ilipokuwa adimu Marekani, Kurt Lewin alitaka akina mama wapike mioyo na figo, vyakula walivyovidharau. Makundi mengine yalisikiliza hotuba. Mengine yalijadiliana, kisha wenye nia ya kujaribu wakanyosha mikono. Baadaye ilionekana kwamba asilimia 3 tu ya waliosikiliza hotuba walipika nyama ambayo hawakuwahi kuipika, na asilimia 32 ya waliojadiliana na kuamua. Bwana shamba anayehutubia saa mbili juu ya mbegu mpya na kuondoka, hana budi kulitafakari jambo hili.

Majaribio haya hayakufanyiwa vijijini mwetu, wala si sheria ya kila mahali. Chama kinaweza kuyapima chenyewe katika msimu mmoja.

Maswali ya kujadili

(a) Katika mkutano mkuu uliopita, ni wanachama wangapi waliouliza swali juu ya hesabu?
(b) Ni kazi gani ya chama isiyo na jina la mtu wa kuulizwa?
(c) Ni azimio gani lililopitishwa kwa makofi na halijatekelezwa hadi leo? Kwa nini?