Kizunguzungu cha Sikio



Muhula huu mwenzetu mmoja aliyumba mu mstari wa asubuhi, nasi tulimucheka tukisema amelewa. Tulikosa. Ugonjwa ulikuwa mu sikio.

Kule ndani ya kila sikio kuna mifereji 3 yenye maji. Tukigeuza kichwa, maji yale yanatikisika, na ubongo unapata habari. Sikio moja likiharibika, habari za masikio mawili hazipatane tena, na tunaona dunia inazunguka.

Mgonjwa anapenda kulala tu bila kutikisika. Lakini ubongo unajifunza tena kwa mwendo. Katika miaka ya 1940, kule Uingereza, waganga Cawthorne na Cooksey walipanga mazoezi kwa watu waliojeruhiwa kichwa. Hata leo yanatumika.

Zoezi moja ni hili:

1. Kaa ku kiti, nyoosha mkono, simamisha kidole mbele ya macho.
2. Geuza kichwa kushoto na kuume polepole. Macho yabaki ku kidole.
3. Pumzika, halafu rudilia. Kizunguzungu kidogo kikikuja, usiogope.
4. Ukizoea, fanya umesimama, mwenzako akiwa karibu.

Angalisho: njaa, malaria na kwinini vinaleta kizunguzungu pia. Basi kwanza twende kwa munganga. Mtu akishindwa kusema vizuri, ama upande mmoja wa mwili ukilegea, apelekwe hospitali mara moja.

Sisi tuliocheka, sasa tumupe bega akitembea.