Tubadilishe Wenyewe Globu ya Indiketa ya Nyuma



Gari halina mdomo. Dereva akitaka kumwambia aliye nyuma yake, "Nakata kulia, usinipite," hawezi kutoa kichwa dirishani akapiga kelele. Husema kwa taa. Taa hiyo ya rangi ya machungwa, inayowaka na kuzimika, ndiyo tunayoiita indiketa.

Lakini taa ya nyuma dereva mwenyewe haioni. Ikifa, wa kwanza kujua ni yule aliye nyuma, na mara nyingi hujua akiwa amechelewa. Ndiyo maana leo tunajifunza kuikagua taa hiyo na kubadilisha globu yake nyumbani, kwa mikono yetu wenyewe.

KWA NINI TUJIFUNZE JAMBO HILI

Mtu anaweza kuuliza, "Sisi wa Tangini wangapi tuna magari?" Swali zuri. Lakini kikundi kikiwa na pikapu ya kubebea mihogo na kuku, gari hilo ni letu sote. Mtoto wako akiendesha Noah ya abiria, jambo hili linakuhusu. Hata usipokuwa na chochote, unapanda bodaboda, na bodaboda hufuata nyuma ya magari ya watu.

Katika Tanzania tunaendesha upande wa kushoto. Basi anayekata kulia huikata njia ya magari yanayokuja mbele yake. Na anayetaka kulipita gari hupita upande huo huo wa kulia.

Tuseme pikapu iko barabara ya Morogoro pale Maili Moja, inataka kuingia njia ya vumbi upande wa kulia. Dereva amewasha indiketa. Ndani ya gari anaona mshale unakonyeza, naye ameridhika. Kumbe globu ya nyuma imekufa. Kijana wa bodaboda amempakia mama anayekwenda kliniki. Anaona pikapu inapunguza mwendo, anadhani anapishwa, anapita kulia. Wanagongana.

Nani ana makosa? Dereva atasema, "Niliwasha indiketa." Kijana atasema, "Sikuiona." Wote wawili wamesema kweli. Kilichokosekana ni globu moja ndogo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva atoe ishara kabla ya kugeuka. Watu wengi hubadilisha globu kwa kumwogopa trafiki. Sisi tunasema, tubadilishe kwa ajili ya yule mama wa kliniki.

TUTAJUAJE KAMA GLOBU IMEKUFA?

Njia ya kwanza ni macho. Washa indiketa ya kulia, mwombe mwenzako asimame nyuma ya gari aangalie. Kisha washa ya kushoto. Kama uko peke yako, rudisha gari karibu na ukuta wakati wa jioni, utaona mwanga ukutani.

Njia ya pili ni kuhesabu. Indiketa nzima hukonyeza kati ya mara 60 na mara 120 kwa dakika. Shika saa. Hesabu kwa sekunde 15, halafu zidisha kwa 4. Ukipata mara 20, ni 20 × 4 = 80. Hiyo ni nzima. Ukipata mara 40, ni 40 × 4 = 160. Hapo inakimbia mno. Katika magari mengi indiketa ikikimbia hivyo, maana yake globu moja ya upande huo imekufa. Katika baadhi ya magari ya zamani huwa kinyume: inakonyeza polepole au inabaki imewaka tu.

TUSOME GLOBU

Zamani tulidhani kusoma ni barua na gazeti tu. Hata globu ina maandishi! Toa globu iliyokufa, ifute kwa kitambaa, kisha tazama kitako chake. Globu nyingi za indiketa za magari madogo zimeandikwa hivi: 12V 21W.

V ni volti, yaani msukumo wa umeme. Magari madogo mengi yana betri ya volti 12. Malori makubwa mengi ni volti 24. Ukiweka globu ya volti 12 kwenye lori la volti 24, itaungua mara moja. Ukiweka ya volti 24 kwenye pikapu ya volti 12, itatoa mwanga hafifu, na mchana wa jua kali hakuna atakayeuona.

W ni wati, yaani nguvu ya globu. Ya wati 5 ni ya taa ndogo. Haifai kwa indiketa iliyotengenezwa kwa wati 21.

Ukiona 21/5W, jua hiyo ina nyuzi mbili ndani. Ni ya taa ya nyuma na breki kwa pamoja. Tazama vijino viwili vya kitako chake: kimoja kiko juu, kingine chini kidogo. Globu ya wati 21 peke yake ina vijino vya kimo kimoja. Usilazimishe kitu kisichoingia.

Angalia na rangi. Kioo cha taa kikiwa cha rangi ya machungwa, globu huwa nyeupe. Kioo kikiwa cheupe, globu yenyewe iwe ya machungwa.

Kwa hiyo nenda dukani na globu ya zamani mkononi. Usiseme tu, "Nipe globu ya gari." Isome ya zamani, isome mpya, zilingane. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa tu", mwonyeshe maandishi.

HATUA ZA KAZI

1. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima injini, toa ufunguo. Kama taa zilikuwa zinawaka, ngoja zipoe. Globu yenye joto huunguza vidole.

2. Tafuta njia ya kuifikia globu. Kwenye pikapu nyingi za zamani, kioo cha taa kimeshikwa na skrubu kwa nje. Zifungue kwa bisibisi na uziweke ndani ya kopo zisipotee. Kwenye magari mengi ya saluni, fungua buti, utaona kifuniko kidogo nyuma ya taa.

3. Kama holda inatoka kwa nyuma, izungushe kidogo kuelekea kushoto, kisha ivute taratibu. Usivute waya.

4. Shika globu kwa kitambaa. Yenye vijino, isukume ndani kidogo, izungushe kushoto, itatoka. Isiyo na kitako cha chuma huchomolewa moja kwa moja.

5. Chungulia ndani ya holda. Ukiona kutu au ukungu wa kijani, sugua kidogo kwa msasa laini. Umeme haupiti vizuri kwenye kutu.

6. Weka globu mpya. Yenye vijino, sukuma, kisha zungusha kulia mpaka ikae.

7. Kabla ya kufunga kioo, washa indiketa na uangalie. Halafu zima.

8. Rudisha mpira wa kuzuia maji na ufunge skrubu. Usikaze kupita kiasi, kioo kitapasuka. Maji ya mvua yakiingia, kutu itarudi.

Kisha hesabu tena kwa saa.

IKIWA BADO HAIWAKI

Badilishana globu ya kulia na ya kushoto. Ikiwaka upande wa pili, globu ni nzima; shida iko kwenye holda au waya. Kama indiketa za pande zote mbili hazikonyezi kabisa, kagua fyuzi. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine yenye namba ile ile. Kamwe usifunge kipande cha waya mahali pa fyuzi, gari linaweza kuwaka moto. Ukifika hapo na hujafaulu, basi mwite fundi wa umeme.

Jambo jingine. Siku hizi madukani kuna globu za LED. Hizo hula umeme kidogo sana, kwa hiyo gari linaweza kudhani globu imekufa, na indiketa ikakimbia. Kama gari lako halikutengenezwa kwa LED, weka globu ya kawaida.

Na kama globu imekufia njiani mchana, dereva anaweza kunyosha mkono wa kulia nje ya dirisha kuonyesha kwamba anakata kulia. Usiku mkono hauonekani vizuri. Kwa hiyo weka globu moja ya akiba garini, imefungwa katika kitambaa.

MANENO YA KUKUMBUKA

Holda: mahali globu inapokaa.
Fyuzi: kifaa kinachokata umeme ukizidi.
Kukonyeza: kuwaka na kuzimika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini dereva hawezi kujua kwa macho yake kwamba indiketa ya nyuma imekufa?
2. Umehesabu mara 25 kwa sekunde 15. Ni mara ngapi kwa dakika? Indiketa hiyo ni nzima?
3. Lori la volti 24 limeletewa globu yenye maandishi 12V 21W. Mtafanya nini?
4. Gari la kikundi chenu lilikaguliwa taa za nyuma lini? Chagueni mtu wa kukagua kila wiki, na aandike tarehe katika daftari.