Watoto wafunzwe kujihami kabla ya mafuriko

Muhula wa pili wa mwaka 2024 ulichelewa kuanza. Shule zilipaswa kufunguliwa Aprili 29, lakini mafuriko yaliwaweka wanafunzi nyumbani hadi Mei 13. Madarasa mengine yalikuwa yamejaa maji, mengine yamegeuzwa makao ya waliopoteza nyumba. Je, ni shule ngapi zimelifanya jambo hilo kuwa somo?

Mwalimu wa sayansi hahitaji kitabu kipya. Joto la hewa likipanda kwa digrii moja ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia saba hivi. Mvuke huo ukigeuka mvua, hunyesha kwa kishindo. Ndiyo sababu mtaro uliotosha zamani sasa hufurika, ingawa mingi tumeiziba wenyewe kwa takataka, na hilo si kosa la hali ya anga.

Kisha awatoe nje. Wazunguke uwanja wakitazama maji ya mvua hukimbilia wapi, choo cha shimo kiko upande gani na kisima kiko wapi. Choo kikiwa mahali palipoinuka kuliko kisima, mafuriko huzoa kinyesi hadi kwenye maji ya kunywa, na kipindupindu chaweza kufuata. Dalili huanza baada ya saa chache au hata siku tano.

Wanafunzi wakubwa wajue kutengeneza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa. Chumvi ikizidi humdhuru mgonjwa. Anayeharisha maji mfululizo apelekwe hospitali mara moja, akinyweshwa njiani.

Lililo gumu kufunza ni subira. Mtoto anayeishi kando ya Mto Mathare amezoea kuvuka maji, wala haogopi. Aambiwe kwamba maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yaweza kumwangusha hata mtu mzima, tena huficha mashimo na nyaya za stima zilizokatika. Shule iamue mapema ni nani atawazuia watoto mvua ikinyesha jioni, watangojea chumba gani na wazazi watajulishwaje. Mzazi naye asimgombeze mtoto aliyechelewa kwa kungoja maji yapungue.