SOMO LA BIOLOJIA: JELI LAINI INAPATA WAPI NGUVU YA KUBEBA GOTI?

Wengi wetu tunajua mchezaji wa mpira aliyeumia goti, akaacha mpira kabisa. Mfupa ukivunjika unaunga. Juu ya nini goti lile halikupona?

Tazama ncha ya mfupa wa kuku. Ile kitu nyeupe yenye kuteleza njo gegedu, ile mwalimu anaita kartilaji. Katika kiungo cha mtu haina mishipa ya damu, na chembe hai zake ni chache. Damu haifiki, basi matengenezo nayo hayafiki. Tangu mwaka 1743 daktari William Hunter wa London aliandika kwamba gegedu ikiisha kuharibika hairudi tena.

Kwa sababu hiyo wataalamu wanatafuta namna ya kuotesha gegedu mpya. Wanaweka chembe hai ndani ya jeli yenye maji mengi, kwa mfano jeli ya jelatini. Humo zinakaa vizuri, na chakula kinapita. Lakini shida ni hii: jeli ni laini mno, na goti linabeba uzito wa mwili. Ukikaza jeli sana, chembe hai zinabanwa, hazifanyi kazi yao. Ukiiacha laini, inapondeka.

Mwaka 2015 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, pamoja na wenzao wa Brisbane, Australia, walionyesha njia nyingine. Waliyeyusha plastiki inayoitwa polikaprolaktoni. Kwa nguvu ya umeme masini iliivuta ikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele, ikazipanga moja juu ya nyingine kama wavu wenye vyumba vidogo vya mraba. Kisha walijaza jeli ndani ya vyumba hivyo. Nyuzi zilichukua nafasi ndogo sana. Karibu pote palibaki pa jeli.

Matokeo yake? Ugumu wa jeli na nyuzi pamoja ulipanda hata mara 54, kupita jeli peke yake au nyuzi peke yake, ukakaribia ule wa gegedu yenyewe. Chembe hai za mtu zilizowekwa humo zilibaki hai na kushika umbo lao la mviringo.

Namna gani vitu viwili dhaifu vinazaa kitu chenye nguvu? Fanya jaribio hili nyumbani. Kandamiza bugali kwa kiganja: unatawanyika pembeni. Simamisha mfuko mdogo wa kitambaa usio na kitu: unaanguka. Sasa jaza bugali ndani ya mfuko, shona mdomo, kandamiza tena. Bugali unataka kwenda pembeni, kitambaa kinavutika na kuuzuia. Sawa vile na jeli: ukiikandamiza, maji yake hayana pa kukimbilia upesi, inasukuma pembeni, na nyuzi zinakazwa. Uzi ukisukumwa unajipinda, lakini ukivutwa unakataa. Jeli njo inageuza msukumo wa juu kuwa mvuto katika nyuzi.

Tusidanganyane lakini. Kazi hiyo ya 2015 ilifanywa katika maabara, si katika goti la mtu. Ndani ya goti kuna kazi nyingine: gegedu mpya ishikamane na mfupa, isikwanguliwe wakati mifupa inateleza, na idumu miaka mingi. Basi mtu akikuuzia dawa ya kunywa akisema itarudisha gegedu iliyoisha, umuulize maswali. Na goti likivimba, usirudi uwanjani kesho yake. Gegedu uliyo nayo haina ya kubadilisha.

MAULIZO
1. Sababu gani mfupa unaunga na gegedu haiungi?
2. Katika jaribio la bugali, ni nini jeli na ni nini nyuzi?
3. Kama nyuzi zingekuwa nene na kujaza nafasi yote, chembe hai zingekaa wapi?