Kwa Nini Matatu Haiondoki?

Hakuna mkaaji wa Nairobi asiyeijua adha hii. Mtu hufika kituoni alfajiri, akaambiwa kwamba gari limebakiza abiria mmoja tu. Hupanda, akaketi, na dakika ishirini zikapita huku injini ikinguruma pasipo gari kuondoka. Kisha baadhi ya waliokuwa wameketi ndani hushuka mmoja mmoja. Kumbe hawakuwa abiria, bali walikalishwa pale ili gari lionekane limekaribia kujaa. Jioni mvua ikinyesha, nauli ya asubuhi huongezwa maradufu. Na gari lililongojewa muda mrefu hivyo, likiisha kuondoka, huendeshwa mbio kana kwamba linafukuzwa.

Wengi wetu husema, “Watu hawa hawana adabu.” Huenda baadhi yao hawana. Lakini magari ni maelfu, madereva na matingo hubadilishwa kila mara, na mambo yakabaki yale yale. Basi lazima iko sababu iliyo kubwa kuliko tabia ya mtu mmoja. Katika somo hili tutaitafuta sababu hiyo kwa hesabu nyepesi, kisha tutaangalia faida za usafiri huu, na mwisho tutaona ni jambo gani lililo katika uwezo wa abiria mwenyewe.

Asili ya matatu

Mabasi ya kwanza ya abiria mjini Nairobi yalianza mwaka 1934, wakati kampuni moja ya Kiingereza ilipoleta mabasi 13. Mji wakati ule ulikuwa umegawanywa kwa rangi za watu, na mitaa ya wafanyakazi Waafrika iliwekwa zaidi upande wa mashariki, mbali na ofisi na maduka makubwa. Kwa hiyo tangu awali mfanyakazi alihitaji chombo cha kumfikisha kazini, ama sivyo aende kwa miguu.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu waliongezeka mjini upesi kuliko mabasi. Wenye magari madogo, wengi wao pasipo leseni, wakazidi kubeba abiria kwa nauli ya senti 30, yaani vipande vitatu vya senti kumi. Inasemwa kwamba ndiyo asili ya jina matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba magari hayo yaruhusiwe kuchukua abiria bila ya leseni iliyotakiwa kwa mabasi. Sheria ya kuyatambua rasmi ilifuata mwaka 1984.

Ndiyo kusema, matatu haikubuniwa katika ofisi ya mipango. Ililetwa na upungufu, na kila mwenye gari aliendesha biashara yake kwa namna iliyompa faida. Jambo hilo ndilo litufikishalo kwenye hesabu.

Hesabu ya jioni

Kwa desturi mwenye matatu haendeshi gari lake mwenyewe. Humkabidhi dereva na utingo, nao humletea kila jioni kiasi cha fedha walichopatana, gari likipata abiria au likikosa. Fedha zinazozidi kiasi hicho, baada ya kutoa mafuta na malipo ya njiani, ndizo ujira wa dereva na utingo kwa siku ile. Zisipozidi, wamefanya kazi bure.

Tuchukue mfano, ambao tarakimu zake ni za kufundishia tu. Gari lina viti 14 vya abiria na nauli ni shilingi 50. Mafuta na gharama nyingine za safari moja ni shilingi 250. Mwenye gari ataka shilingi 4,000 kwa siku. Gari likiondoka limejaa, hupata shilingi 700. Ukitoa 250, husalia 450. Kwa safari 9 fedha za mwenye gari zimetimia, na kuanzia safari ya kumi dereva na utingo wanajitafutia chao.

Sasa gari hilo hilo na liondoke na abiria 7. Hupata shilingi 350, lakini mafuta hayapungui kwa nusu kwa sababu abiria wamepungua nusu. Tuseme gharama ni 250 vile vile. Husalia shilingi 100 tu. Kwa kiasi hicho zatakiwa safari 40 ili kutimiza fedha za mwenye gari, na hakuna siku iliyo na nafasi ya safari 40.

Jibu la swali letu la kwanza ni hilo. Matatu haiondoki kwa sababu kila kiti kitupu hulipwa kutoka mfukoni mwa dereva na utingo. Saa ya abiria, ambayo nayo ni fedha kwa mtu anayekatwa mshahara akichelewa, haimo katika hesabu yao.

Jibu la mbio ni lile lile. Gari likiisha kuondoka, kila robo saa iliyookolewa huenda ikaleta safari moja zaidi. Tena, gari lililotangulia ndilo linalookota abiria wanaongoja njiani, na la nyuma hukuta vituo vitupu. Ndiyo maana magari mawili ya njia moja hushindana kama punda wa mashindano.

Na mvua je? Mvua ikinyesha, njia huziba, na safari ya nusu saa huwa ya saa moja na nusu. Safari za siku hupungua, lakini zile shilingi 4,000 hazipungui. Hasara haimfikii mwenye gari. Humwangukia dereva, naye humtwika abiria, akijua kwamba mtu aliyelowa hana nguvu ya kubishana.

Kueleza sababu ya kosa si kulihalalisha. Lakini mganga asiyejua chanzo cha maradhi hutibu homa leo, nayo hurudi kesho.

Faida tusizozihesabu

Ingekuwa dhuluma kusimulia maudhi ya matatu na kuficha wema wake. Watu wengi wa Nairobi huenda kazini kwa miguu au kwa gari la abiria. Wenye motokaa zao ni wachache. Matatu huanza kazi kabla ya mapambazuko na huendelea hata usiku. Huingia katika mitaa ambayo mabasi makubwa hayakuifikia. Mama atokaye sokoni Marikiti na kabichi zake hupata mahali pa kuziweka. Na katika njia kuu, saa za kazi, likiondoka moja lingine huwa liko nyuma yake.

Faida iliyo kubwa kupita zote haionekani na aliye ndani ya gari, maana ni ya mji mzima. Tupige hesabu tena. Motokaa moja katika msongamano, pamoja na nafasi iliyo mbele yake, hutwaa kama mita 6 za njia. Kama abiria 33 wa basi dogo wangekuwa kila mmoja peke yake katika motokaa yake, wangejaza mita 198. Basi lao hutwaa kama mita 10. Kwa hiyo mwenye motokaa anayelaani mabasi kwa kuziba njia na akumbuke kwamba, kama abiria wale wangefuata mfano wake, yeye asingefika kazini kabisa.

Kanuni na matokeo yake

Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, John Michuki, alitangaza kanuni kali zilizoanza kutumika Februari 2004. Magari ya abiria yalitakiwa kuwa na vidhibiti mwendo, mikanda ya viti, na mstari wa manjano ubavuni ulioonyesha njia yake. Pamoja na hayo, madereva na makondakta walitakiwa waajiriwe kwa kudumu.

Kanuni hiyo ya ajira ndiyo iliyogusa chanzo chenyewe, maana mwenye mshahara wa mwezi hana haja ya kungoja abiria wa mwisho wala kushindana njiani. Lakini polisi aliyesimama kando ya barabara aweza kuona mkanda na mstari wa manjano. Hawezi kuona mkataba wa kazi. Katika magari mengi mikanda ilifungwa, na hesabu ya jioni ikaendelea.

Jirani zetu wa Dar es Salaam waliijua hesabu hiyo hiyo katika daladala zao. Mnamo Mei 2016 walianzisha mabasi ya mwendokasi, yenye njia zake peke yake, kama kilomita 21 kwa jumla, iliyo kuu ikifuata Barabara ya Morogoro kutoka Kimara. Abiria hukata tikiti kituoni kabla ya kupanda, na dereva hagusi nauli. Hata hivyo manung'uniko hayakwisha: abiria walilalamika kwamba mabasi ni machache kuliko watu, na mafuriko ya bonde la Jangwani yamefunga njia mara kadhaa. Fundisho ni hili: kuondoa hesabu ya jioni huondoa sababu ya mbio, lakini hakuondoi haja ya mabasi ya kutosha na njia iliyojengwa vizuri.

Sauti ya abiria

Huenda msomaji akasema, “Mimi si waziri, wala sina gari, nitafanya nini?” Jibu limetoka hapa hapa Kenya. Kuanzia mwaka 2008 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio katika matatu za safari ndefu. Ndani ya baadhi ya magari vilibandikwa vibandiko vilivyowahimiza abiria waseme dereva akiendesha kwa hatari. Magari mengine yakaachwa kama yalivyokuwa. Baadaye walilinganisha madai ya bima. Katika magari yenye vibandiko madai yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio kubwa zaidi lililofuata, lililojulikana kwa jina la Zusha, lilionyesha upungufu wa robo hata theluthi.

Karatasi ndogo iliwezaje kuokoa maisha? Kwa sababu iliingia katika hesabu. Abiria wanaponyamaza, mbio humpa dereva faida na hazimgharimu kitu. Wanaposema wote pamoja, “Dereva, punguza mwendo,” mbio zina gharama: zamletea aibu, na huenda zikampotezea abiria. Mmoja akisema, hudharauliwa. Kumi wakisema, husikilizwa.

Basi abiria na aulize nauli kabla ya kupanda, si baada ya gari kuondoka. Akatae kukalishwa mahali pasipo kiti, hata kama amechelewa. Afunge mkanda. Na dereva akianza mbio, aseme kwa adabu na kwa sauti ya kusikika, na jirani yake amwunge mkono. Kuchelewa ni hasara, lakini aliyechelewa kazini leo aweza kuwahi kesho. Aliyeangamia njiani hana kesho ya kuwahi.

Maswali ya mazungumzo

1. Katika mfano wetu, ikiwa nauli itapanda hadi shilingi 60 na mafuta hadi 300, gari lililojaa latakiwa kufanya safari ngapi ili kutimiza shilingi 4,000?

2. Kama dereva na utingo wangelipwa mshahara wa mwezi, ni nani angebeba hasara ya siku ya mvua? Je, yafaa iwe hivyo?

3. Kwa nini kanuni ya mikanda ilikuwa nyepesi kusimamiwa kuliko kanuni ya ajira? Tajeni njia ambayo ingeweza kutumiwa kuisimamia hii ya pili.