Nyimbo za Ibada kwa Waprotestanti wa Kwanza

Waprotestanti wa kwanza, katika karne ya 16, hawakupatana juu ya kuimba kanisani.

Martin Luther, katika Ujerumani, aliupenda muziki akauita zawadi ya Mungu. Alitunga nyimbo kwa Kijerumani ili watu wote waimbe. Kitabu chao cha kwanza, chenye nyimbo 8, kilichapwa mwaka 1524.

Huldrych Zwingli, katika mji wa Zürich, alijua kupiga vyombo vingi vya muziki, lakini aliviondoa katika ibada pamoja na nyimbo. Alifundisha kwamba sala ya kweli ni ya moyoni, kwa siri. Mwaka 1527 kinanda kikubwa cha kanisa la Grossmünster kilivunjwa. Watu wa Zürich hawakuimba tena kanisani mpaka mwaka 1598.

Jean Calvin, katika Geneva, alishika njia ya katikati: Zaburi ziimbwe kwa lugha ya watu, kwa sauti moja, bila kinanda. Aliogopa masikio yasije yakafuata utamu wa sauti, na moyo ukasahau maneno.

Hofu hiyo ni ya zamani. Mtakatifu Augustino aliungama kwamba mara nyingine sauti ilimgusa kuliko maneno. Hata hivyo hakukataza kuimba, kwani alikumbuka machozi yaliyomtoka kwa nyimbo za Kanisa siku za kuongoka kwake.

Basi, mkatekumeni aimbe kwa furaha, lakini ayajue maneno anayomwambia Mungu.

Maulizo
1. Zwingli aliondoa nyimbo kwa sababu gani?
2. Calvin aliogopa nini?
3. Wimbo unaoupenda, maneno yake yasema nini?